Mbwa koko wengi wana kwao

Ninauza dawa za mifugo na pembejeo hapa Uyole, Mbeya, na katika vitu ninavyoulizwa ambavyo sivitoi, cha kwanza ni sumu ya mbwa. Mtu anaingia, anazungukazunguka, anashika chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, anasubiri wateja wengine watoke, halafu anainama kwenye kaunta: "Dada, huna kitu cha kuwamaliza hawa mbwa?" Wengi ni watu wazima, wenye heshima zao. Kuku wao wameliwa, au mtoto amefukuzwa alfajiri akienda kununua maandazi, au kundi zima limekesha likibweka chini ya dirisha kwa sababu kuna jike yuko kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa. Hasira yao naielewa kabisa. Sumu siwapi, na kila nikianza kueleza kwa nini, mteja mwingine anaingia na maneno yanakatikia njiani. Ndiyo maana leo nimekaa kuyaandika yote.

Hao tunaowaita mbwa koko, wengi wana kwao. Tafiti zilizofanyika hapa Tanzania zimekuta hivyo: mbwa wasio na mtu kabisa ni wachache, waliojaa mitaani ni wale wenye wenyewe ila hawafungwi wala hawana uzio. Pale kwenye magunia ya viazi, upande wa barabara inayokwenda Tukuyu, kuna dume wa rangi ya kahawia mwenye sikio lililochanika. Mama lishe anamwita Tomi na anamwekea ukoko wa wali. Vijana wa kupakia mizigo wanamwita Komando. Bibi mmoja nyuma ya soko anamwita Popi, na usiku analala kibarazani kwake. Watu wote hao wanampenda, na hakuna aliyewahi kumpeleka kwenye chanjo, kwa kuwa kila mmoja anaamini mwenyewe ni yule mwingine. Siku alipomng'ata mwendesha bodaboda, ilichukua muda mrefu kumpata mtu wa kusimama na kusema huyu ni wangu.

Ukitaka kujua mbwa wa mtaani wanatoka wapi, fuatilia watoto wa kike. Mbwa akizaa, majirani wanakuja kuchagua. Madume wanaondoka mapema, kwa sababu watu wanataka mlinzi, na kwa mawazo ya wengi mlinzi ni dume. Jike hatakiwi: "atatuletea makundi hapa nyumbani." Basi majike wanabaki kwa mwenye mji, wanaachishwa kunyonya, na usiku mmoja wanaingizwa kwenye kiroba cha pumba na kushushwa kwenye kizimba cha taka, au ng'ambo ya barabara kuu inayokwenda Tunduma, kule malori yasikopunguza mwendo. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mnaijua. Wengi hawaioni asubuhi. Wanaoiona, wanakua kwa mabaki ya soko, na kuanzia miezi sita hivi wanaingia kwenye joto. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu. Jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila uzao ukawa na watoto wanne, sita, hata nane. Yaani tunawachukua ndani wale wasiozaa, na wanaozaa ndio tunaowatupa nje.

Viroba vingine huachwa mlangoni kwangu kabla sijafungua. Nimevizoea lakini havijawahi kuniwia vyepesi. Unafungua kamba, unakuta wamelala mmoja juu ya mwenzake, matumbo yamevimba kwa minyoo, ufizi mweupe pee kwa kunyonywa damu na viroboto. Kwanza joto: chupa za maji ya moto nazizungushia kanga kuukuu na kuwapanga katikati yake. Mtoto wa mbwa aliyepoa mwili ukimpa chakula kabla hajapata joto unaweza kumuua. Wakishaanza kulialia na kusukumana, hapo ndipo uji mwepesi, kidogo kidogo. Dawa ya minyoo inafuata baadaye, kwa uzito wa kila mmoja, na viroboto nawatoa kwa kitana, kwa sababu dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa mtoto mdogo hivyo ni sumu. Nalisema hili kwa herufi kubwa moyoni kila siku: jamani, dawa ya ng'ombe msimwogeshee mtoto wa mbwa wala paka.

Nirudi kwenye sumu. Ukiua mbwa wa mtaa mmoja, mifupa ya bucha inabaki pale pale, taka za soko zinabaki, matumbo ya machinjioni yanabaki. Waliosalia wanakula vizuri zaidi, watoto wao wanapona wengi zaidi, na wa mtaa wa pili wanahamia. Waliouliwa mlinzi wao wanakwenda kuchukua mtoto mwingine ambaye hajachanjwa. Na katika hao waliokufa, wamo waliokuwa wamechanjwa, waliokuwa wanakukinga wewe na wanao. Kwenye kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997. Wakaua mbwa kwa maelfu kwa maelfu, na kichaa kikaendelea. Kwenye kisiwa cha Bali, nchi hiyo hiyo, kichaa kilipoingia mwaka 2008 walianza na kuua pia, na vifo vya watu vilikuja kushuka baada ya kampeni ya chanjo ya kisiwa kizima kuanza mwaka 2010. Zaidi ya hapo, sumu haichagui. Nyama iliyotegwa usiku huliwa na kuku wa jirani, paka wa bibi, nguruwe aliyefunguka, na mtoto anayecheza chini anaweza kuiokota. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, na mbwa yumo.

Kichaa chenyewe nacho tusikipite juu juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiofikisha miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yamewahi kufika vifo kama 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya tena zaidi ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Na bado ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Kurudia ni lazima, kwa sababu mbwa wetu wengi hawazeeki: wanagongwa, wanaugua, wanakufa wadogo, na nafasi zao zinajazwa na watoto ambao hawajapata sindano. Hapo ndipo uzazi na chanjo vinapokutana. Mtaa unaozalisha watoto wa mbwa kila miezi michache haufiki 70 hata bibi mifugo achanje mpaka mikono imuume.

Na ukishang'atwa, kabla hujamtafuta mwenye mbwa ili mgombane: kidonda chini ya maji yanayotiririka, sabuni, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Majivu, mafuta ya taa, kitunguu, hapana.

Sasa habari ya mchango. Kwenye mkutano wa mtaa, baada ya ulinzi shirikishi na maji, tulipofika kwenye mengineyo, nilinyoosha mkono. Nikasema naomba tuchangie kufunga kizazi mbwa majike wa mtaa wetu, na bibi mifugo wa kata amekubali kuja kuchanja siku hiyo hiyo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasimama. "Mwanangu, shuleni watoto wanabanana kwenye madawati, na wewe unataka tuchangie mbwa?" Watu wakapiga makofi. Swali lake ni la haki na halistahili kujibiwa kwa kelele. Nikamwambia, "Mzee wangu, mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwako alipong'atwa, daftari la mchango lilipita kwetu sote. Tulitoa nauli ya kwenda mjini kwa kila sindano, tukatoa na hela ya sindano zenyewe, na mama yake hakwenda sokoni siku zote zile. Hela ile tulishaichangia mbwa, ila tuliichangia baada ya mtoto kuumia. Mimi naomba tuichangie kabla." Akakaa. Hakusema ndiyo, ila alikaa, na kwa mzee yule hiyo si kitu kidogo. Aliyemaliza mjadala ni mama mfuga kuku mwenye mabanda yake jirani na mto: alisema hajali mbwa wanaitwaje, yeye anataka wapungue, na aliyewahi kuwapiga marungu mwaka mzima bila kuona tofauti ni yeye.

Tulikubaliana mwenye mbwa atoe zaidi, asiye na mbwa atoe alichonacho, na mweka hazina wa kikoba chetu ashike daftari. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa. Hapa niwaambie kitu nilichokiona, kwa sababu mtu akisikia "kusaidia wanyama" anafikiria hela peke yake na anakata tamaa. Fundi seremala hakuwa na hela, akatuazima meza ndefu ya kupigia randa. Kijana wa bajaji alibeba mbwa wa wazee wasioweza kutembea nao, bure. Mama lishe alipika chai na viazi vya watu waliosimama tangu asubuhi. Wenye bucha walikubali kuweka pipa lenye mfuniko kwa ajili ya mifupa, na kwa maoni yangu pipa hilo ni nusu ya kazi, ingawa hakuna anayelipiga picha.

Daktari wa mifugo alitoka mjini na sanduku lake. Kwa wasiojua: kuhasi dume kunaweza kufanywa haraka, ila kumfunga kizazi jike ni upasuaji wa ndani, tumbo linafunguliwa, na hiyo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Asikudanganye mtu na kisu chake.

Wa kwanza mezani alikuwa Chausiku, jike mweusi mwenye kidoti cheupe kifuani. Aliletwa na mvulana wa darasa la tano aliyemfunga kamba ya katani shingoni na kumfunika sweta lake la shule, maana ukungu ulikuwa bado haujapanda mlima Loleza. Sindano ya usingizi ikaingia pajani. Akayumba, akakaa, akalaza kidevu kwenye kiatu cha mvulana. Mezani akalazwa chali, miguu imefungwa taratibu kwa kitambaa, tumbo likanyolewa kwa wembe na kupakwa iodini mara tatu, kila mara kuanzia katikati kwenda nje. Mkato ulikuwa chini kidogo ya kitovu, mfupi kuliko kidole changu. Mvulana akauliza, "Daktari, haumii?" Daktari hakuinua macho: "Amelala, mdogo wangu. Maumivu yatakuja akiamka, ndiyo maana nitamchoma nyingine ya kuyatuliza." Akavuta kizazi, akafunga mishipa kwa uzi kabla ya kukata, akaangalia kama kuna damu inayovuja, akaangalia tena. Kisha nyuzi za ndani, nyuzi za nje, na mwishoni ncha ndogo ya sikio la kushoto ikakatwa, ili popote atakapookotwa mtu ajue huyu tayari, asifunguliwe tumbo bure. Bibi mifugo akamalizia na chanjo ya kichaa na kuandika kadi. Alipozinduka alitetemeka sana na kutapika kidogo. Tulimfunika blanketi mpaka jua likatoka, na mvulana hakuondoka ubavuni kwake hata alipoitwa chai.

Wengi walioleta mbwa wao kwa hiari walileta madume. Nashukuru, na dume aliyehasiwa kweli hupunguza kuzurura na kupigana. Lakini kwa upande wa idadi, dume mmoja aliyebaki anatosha majike wote wa mtaa. Fedha ikiwa chache, na siku zote ni chache, anza na jike. Hofu kwamba atakuwa mvivu na hatalinda, nimeisikia sana. Mbwa analinda kwa sababu anaijua nyumba na watu wake, na aliyefungwa kizazi hawaiti madume kumi na mbili kuja kukesha getini kwako. Atanenepa ukimlisha kupita kiasi bila kutembea, hilo ni kweli, kama sisi sote.

Viroba bado vinakuja. Vinatoka mitaa mingine, nimeshaulizia. Kwetu, majike waliofungwa nawajua kwa masikio yao, na wanapita dukani wakiwa wembamba wa kawaida, bila matiti kuburuza chini.

Wasomaji wengi mnaniandikia mkitaka nifungue kituo cha kulelea mbwa waliookolewa. Nawapenda kwa hilo. Kule Usa River, Arusha, wapo watu wa shirika la Mbwa wa Africa, wanaookoa mbwa, wanawatibu, wanawafunga kizazi na kuwatafutia nyumba, na nawaheshimu mno. Lakini kituo kinataka ardhi, walinzi, chakula cha kila siku, daktari wa karibu, na kikishajulikana tu, watu wanakileta kila kiroba cha mkoa mzima. Shilingi yangu ya kwanza, hata ya kumi, nitaipeleka kwenye meza ya upasuaji. Kinachonikwamisha zaidi ya kituo ni nyumba za kulea kwa muda: mtu wa kukaa na watoto wawili wa mbwa mpaka wachanjwe na wapate wa kuwachukua. Ukiwa na kibanda kikavu na subira, umeshanisaidia kuliko unavyodhani.

Paka nao wasisahauliwe. Wenye maghala ya mchele na mahindi wanawapenda kwa ajili ya panya, na hawawatakii mabaya, ila hawawahesabu. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, mdogo kuliko mnavyofikiri. Wao tutawapangia siku yao, maana kumshika paka wa ghalani kunataka mtego wa waya na ujasiri wa pekee.

Dada yangu ameolewa Idodi, Iringa, kijiji kinachopakana na hifadhi za upande wa Ruaha. Nilipokwenda kumsalimia, salamu za kamwene zikaisha, tukaanza habari za mbwa, na akaniambia mbwa wao wanafuata wachungaji porini kutwa nzima. Ruaha ni moja ya ngome za mwisho za mbwa mwitu Afrika, na magonjwa ya mbwa wa nyumbani yanawafikia. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi vya mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, na mbwa wa vijijini ndiko unakoaminika ulitokea. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wa Idodi inamlinda mtoto wa dada yangu na mnyama ambaye watalii wanapanda ndege kuja kumtazama. Ningependa sana hoteli na kampuni za utalii za upande ule zikae na vijiji kwenye jambo hili. Mnyama mgonjwa ni hasara yao pia.

Tunaandaa siku nyingine. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kata nyingi hutoa chanjo karibu na siku hiyo, kwa hiyo ulizieni kwa bibi au bwana mifugo wa kata yenu na mpangie upasuaji pamoja nayo. Anayeleta jike kwetu: asimpe chakula kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo, maji asimnyime mpaka asubuhi. Aje na kamba imara na blanketi au gunia kavu. Akirudi nyumbani alale pakavu, asiogeshwe wala kukimbizwa na watoto kwa siku 10 hadi 14, na akianza kulamba kidonda mpaka kikafunguka nipigieni mara moja. Akiwa kwenye joto siku hiyo, ngojeni kwanza lipite, maana damu inakuwa nyingi. Akiwa ananyonyesha, subirini watoto waache. Na hao watoto wakiwa majike, msifunge kiroba. Nitajieni mapema niwaandike kwenye daftari la zamu ijayo, kabla hawajafikisha miezi sita.